Baada ya Barua ya Fidia: Rufaa ya Mfanyakazi wa Paje

Paje ya leo ina kazi nyingi zinazoweza kumvunja mtu mguu. Wapo waezekaji wa makuti wanaopanda mapaa marefu ya mahoteli, wapishi wanaobeba masufuria ya mafuta ya moto, mafundi wa umeme, madereva, walinzi wa usiku, na vijana wanaowafundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa tiara. Kijiji hiki cha Wilaya ya Kusini Unguja kilijulikana zamani kwa uvuvi na usumba. Mwaka 1989 Paje na jirani yake Jambiani walianza kilimo cha mwani cha biashara, kisha utalii ukaja kwa kasi, na pamoja nao ukaja ujenzi. Watu wakatoka Makunduchi na Bwejuu, wakatoka Mjini, wakavuka bahari kutoka Tanga, Mwanza na Songea kufuata ajira.

Ajali ikitokea, watu hukimbizana. Majeruhi hupelekwa Makunduchi au Kitogani, na akiwa na hali mbaya hufikishwa Mnazi Mmoja. Wenzake humchangia, mwajiri huahidi. Miezi ikipita, huja barua. Ndani yake imeandikwa kwamba madai ya fidia hayakukubaliwa, au yamekubaliwa kwa kiasi ambacho hakilingani na mkono usioweza tena kushika nyundo. Hapo ndipo wengi huikunja barua, wakaiweka chini ya godoro na kuhesabu kwamba yamekwisha.

Mazungumzo haya yanahusu siku zinazofuata barua hiyo. Uamuzi wa kwanza wa fidia una mlango wa pili, na anayeufungua kwa utaratibu ana nafasi ya kweli ya kusikilizwa.

Haki yenyewe haikuanza jana. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 12, inampa mtu nafasi ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na inampa pia nafasi ya kukata rufaa au kutafuta nafuu nyengine ya kisheria dhidi ya uamuzi huo, uwe wa mahkama au wa chombo chengine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema vivyo hivyo. Katika ngazi ya dunia, Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unashughulikia watu wanaoumia kazini, na kifungu chake cha 23 kinataka kila mdai awe na haki ya rufaa akinyimwa fidia, au akilalamikia aina yake au kiasi chake. Katika ukanda wetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia mkataba huo mwaka 1967.

Lakini kabla ya kuandika neno lolote la rufaa, mfanyakazi wa Paje ana swali la kujibu: yuko chini ya sheria ipi?

Hapa ndipo ndugu wengi kutoka Bara wanapopotea. Masuala ya kazi na ajira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaojulikana kwa herufi zake WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi namba 15 ya mwaka 1986, ikaifanyia marekebisho mwaka 2005, mwaka ule ule zilipotungwa Sheria ya Ajira namba 11, Sheria ya Mahusiano Kazini namba 1 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8. Kwa hivyo kijana aliyezaliwa Sengerema, akaajiriwa na hoteli ya Paje na akaumia Paje, hasaidiki kwa kupanda boti kwenda kupanga foleni Dar es Salaam. Mlango wake wa kwanza ni Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar. Huko ndiko atakakoambiwa sheria iliyokuwa ikitumika siku aliyoumia, na muda aliobakiwa nao.

Sheria hizi za Zanzibar na za Bara, pamoja na za majirani zetu wa Kenya na Uganda, zimejengwa juu ya wazo moja la zamani. Ujerumani ililiweka katika sheria ya mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897. Kabla ya hapo mfanyakazi aliyekatika vidole alitakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba tajiri wake alifanya uzembe. Wengi walishindwa, kwa sababu mashahidi walikuwa watu wa tajiri na wakili alikuwa ghali. Sheria mpya ikabadili swali. Badala ya kuuliza kosa ni la nani, ikauliza: je, mtu huyu ameumia kutokana na kazi yake? Akiwa ameumia kazini, alipwe kwa kiwango kilichopangwa.

Msingi huo una uzito mkubwa kwenye rufaa, kwa sababu barua nyingi za kukataa bado zinazungumza lugha ya kosa. "Hukuvaa glavu." "Ulipanda bila ruhusa." Kwa mfano, Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamnyima fidia mfanyakazi aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi, na hata huyo haimnyimi kama ajali imemletea ulemavu mkubwa au kifo. Kusahau, kuchoka na kuteleza si makusudi. Mwenye kukata rufaa anapaswa kusoma sheria yake na kuuliza kama sababu aliyopewa ni sababu inayotambuliwa na sheria hiyo.

Ukizipitia sababu za kukataa, zinakusanyika katika maswali matatu. Je, mdai alikuwa mwajiriwa? Je, jeraha limetokana na kazi? Je, ulemavu ni kiasi gani na mshahara uliohesabiwa ni upi? Rufaa nzuri hutambua ni swali gani kati ya hayo lililomwangusha mdai, ikalijibu hilo kwa ushahidi. Rufaa dhaifu hueleza shida za nyumbani kwa kurasa tatu na haigusi sababu iliyoandikwa.

Swali la kwanza ni gumu hasa kwa Paje. Akina mama wa mwani, wanaoingia maji yakitoka na kuchomwa na mashokoro au taa, hufanya kazi kwenye vitalu vyao wenyewe na kuuza kwa kilo. Hawana mwajiri, na sheria ya fidia inamtafuta mwajiri. Kijana wa tiara naye huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, analipwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Mwezekaji huambiwa aliletwa na fundi mkuu, hoteli haimjui.

Wakati mwengine maneno hayo ni ya kweli. Wakati mwengine mambo yanayoonekana yanayakanusha. Kama kijana huyo wa tiara anapangiwa saa za kuingia na kutoka, anavaa fulana ya kituo, anatumia vifaa vya kituo na hawezi kumtuma mwengine mahali pake, basi ana la kusema. Ratiba ya zamu iliyopigwa picha kwenye simu, ujumbe wa msimamizi ukimtaka afike saa moja asubuhi, kumbukumbu za malipo ya simu kila mwisho wa mwezi, kitambulisho cha getini, jina kwenye daftari la mahudhurio: vyote hivyo ni ushahidi, hata kama hapakuwa na mkataba wa maandishi. Jambo la muhimu ni kuvihifadhi mapema, maana kundi la ujumbe hufutwa na daftari hubadilishwa mwaka ukigeuka.

Swali la pili huzuka zaidi njiani na nje ya saa za kazi. Hoteli nyingi hubeba wafanyakazi wao kwa gari asubuhi na usiku. Gari hilo likipinduka, je, abiria wako kazini? Sheria ya Kenya inajibu wazi: mfanyakazi anaposafirishwa bure kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotengwa na mwajiri kwa shughuli hiyo, likiendeshwa na mwajiri au mtu wake, anahesabiwa kuwa yuko kazini. Anayepanda daladala kwa nauli yake hana kinga hiyo hiyo. Kwa hivyo jina la dereva, namba ya gari na nani aliyelilipia ni mambo ya kuandikwa siku ile ile, na fomu ya polisi ya PF3 ihifadhiwe. Hati ya hospitali nayo ina neno lake. Kama daktari aliandika "ameanguka" bila kusema ameanguka wapi na akifanya nini, mlango wa kukataa umeachwa wazi. Mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kueleza kwa sauti, mapema, kwamba ameanguka kutoka juu ya paa la hoteli akiezeka, na kuomba yaandikwe hivyo.

Swali la tatu ndilo lenye fedha, na hesabu yake inastahili kufunuliwa. Kenya, fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kisha hupunguzwa kulingana na asilimia ya ulemavu. Tuseme mhudumu wa hoteli ya Diani alikuwa na mapato ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 20, fidia ni shilingi 384,000. Akisema asilimia 10, ni shilingi 192,000. Na kama mwajiri ataandika mshahara wa shilingi 15,000, akaacha posho ya kila mwezi, ule ulemavu wa asilimia 20 utalipwa shilingi 288,000. Tarakimu moja kwenye fomu imemwondolea mtu shilingi 96,000.

Bara mpaka ni mkali zaidi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi. Kati ya asilimia 30 na 31 pana tofauti ya maisha mazima, na mpaka huo huwekwa na uchunguzi wa daktari. Ndiyo maana mtu anayeamini kiwango chake kimepunguzwa hapaswi kuandika tu kwamba "nimepunjwa." Anahitaji ripoti ya pili ya daktari inayoeleza kiungo kinakunjika kwa kiasi gani, kimepoteza nguvu kiasi gani, na kazi gani hakiwezi tena. Uganda imeliona tatizo hili na sheria yake ina Bodi ya Usuluhishi wa Kitabibu, ambako hupelekwa ugomvi wa kiwango cha ulemavu, ili madaktari wawaamulie madaktari.

Njia yenyewe ya rufaa hutofautiana nchi na nchi. Bara, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko huomba mapitio kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na asiporidhika na uamuzi wa Waziri hukata rufaa Mahakama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahakama Kuu. Kenya, mtu huwasilisha pingamizi la maandishi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Mkurugenzi anatakiwa kujibu kwa maandishi, akitoa sababu, ndani ya siku 14. Baada ya kupokea jibu, mdai ana siku 30 za kwenda mahakama ya kazi.

Njia hiyo ya Kenya imepita kwenye misukosuko inayofundisha. Sheria ilitiwa saini Oktoba 2007 na kuanza kutumika Juni 2008. Chama cha Wanasheria cha Kenya kikaipinga mahakamani, kikisema inamfungia mfanyakazi mlango wa kumshitaki mwajiri moja kwa moja. Machi 2009 Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu akakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hizo na kutangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha Katiba. Mawakili wakaendelea kufungua kesi za majeruhi katika mahakama za mahakimu, kote nchini. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikageuza sehemu kubwa ya uamuzi ule. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha: madai yaanzie kwa Mkurugenzi, na mahakama ipokee rufaa baadaye.

Maelfu ya mafaili yakabaki njia panda. Mahakama nyengine ziliyaondoa, nyengine ziliyaendeleza, na watu waliokatika mikono wakawa wanangoja wanasheria wakubaliane. Aprili 2023 ndipo Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa mwongozo kwamba kesi zilizofunguliwa kwa mahakimu baada ya sheria kuanza na kabla ya hukumu ya 2019 ziendelee huko huko hadi mwisho. Mfanyakazi aliyeumia mwaka 2012 alisubiri zaidi ya miaka kumi kujua tu ni ofisi gani yenye mamlaka ya kumsikiliza. Kwa mtu wa Paje, somo ni kwamba kuuliza mlango sahihi ni sehemu ya rufaa yenyewe. Mtu anaweza kuwa na haki, mashahidi na ripoti za madaktari, akafukuzwa kwa kuwa alianzia mahali pasipohusika.

Na kila mlango una saa yake ya kufungwa. Kenya na Bara, madai yasiyofikishwa kwa mamlaka ndani ya miezi 12 yamo hatarini kupotea. Siku za rufaa ni chache zaidi, nazo huanza kuhesabiwa tangu uamuzi au tangu barua ipokelewe, kwa kadiri sheria ilivyosema. Mfanyakazi anapokabidhiwa barua, aandike juu ya nakala yake tarehe na jina la aliyemletea, na atie saini kwa tarehe hiyo hiyo. Akitiwa shinikizo kuandika tarehe ya nyuma, akatae. Kama barua ilikwenda hotelini naye yuko kwao Nungwi anauguza mguu, ahifadhi ujumbe wa simu unaoonyesha siku aliyojulishwa.

Barua ya rufaa haihitaji Kiswahili cha mahkamani. Ianze na namba ya faili, jina la mdai, tarehe ya ajali na tarehe ya uamuzi. Ifuate sentensi inayosema uamuzi gani unapingwa: kukataliwa kote, asilimia, au mshahara. Kisha kila sababu iliyotolewa ijibiwe kwa zamu, na kila jibu litaje kielelezo chake. Mwisho iseme mdai anaomba nini hasa: apimwe upya, mshahara uhesabiwe pamoja na posho, au uamuzi ufutwe. Nakala ibaki kwake, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyopokea. Hakuna anayepaswa kuondoka kaunta bila muhuri huo.

Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mara nyengine mwajiri huja na bahasha ya fedha na karatasi ya kutia saini, ikisema kwamba mfanyakazi ameridhika na hatadai tena. Mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba huona fedha za leo. Karatasi hiyo isitiwe saini kabla ya kusomwa na mtu anayeijua sheria, kwa sababu ndiyo itakayoletwa mbele ya rufaa kama kielelezo cha kwanza dhidi yake.

Watu wa kuisoma wapo. Zanzibar ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2018, na wasaidizi wa sheria wamo katika wilaya zote za Unguja na Pemba. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu miaka ya tisini. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, ipo. Wafanyakazi wa mahoteli wana chama chao, CHODAWU-Z, chini ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, ZATUC. Sheha wa Paje hana mamlaka ya kuamua fidia, lakini anaweza kuthibitisha kwa barua kwamba anamfahamu mtu huyu, na kwamba ajali ile ilitokea katika shehia yake.

Yote haya, hata hivyo, yanamtwika mzigo mtu aliyekwisha kuumia. Mzigo huo unaweza kupunguzwa bila kusubiri sheria mpya. Kila barua ya uamuzi wa fidia, inayotoka ofisini au kwa mwajiri, iandikwe kwa Kiswahili. Itaje sababu ya kukataa au kupunguza. Ionyeshe asilimia ya ulemavu, jina la daktari aliyeipanga, na mshahara uliotumika katika hesabu. Na chini kabisa, kwa herufi za kawaida, iseme: usiporidhika, peleka pingamizi lako ofisi fulani, kabla ya tarehe fulani. Mahoteli ya Paje hubandika nyakati za maji kujaa na kutoka ukutani ili wageni wapange siku yao. Ukuta wa jikoni na wa chumba cha wafanyakazi unaweza kubeba karatasi nyengine moja, yenye namba ya simu ya Kamisheni ya Kazi, namba ya msaidizi wa sheria wa wilaya, na hatua za kuchukua siku mtu anapoumia. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuidai karatasi hiyo katika kikao chake kijacho na menejimenti, na wakaguzi wa usalama kazini wanaweza kuiulizia kila wanapoingia mlangoni.